Msimwambie, Ana Presha

Walikuwa wameshamvalisha gauni la hospitali, lile la kufungwa kwa nyuma ambalo halifungiki. Wameshamfunika nywele kwa kofia ya plastiki, na muuguzi ameshamchora alama ya kalamu juu ya nyusi ya kulia ili daktari asikosee jicho. Hapo ndipo presha ilipokataa. Muuguzi akaujaza mkanda upepo mara ya pili, akatazama namba, akaguna. Alipoinua uso hakumtazama mwenye mkono, alitazama benchi la wasindikizaji.

"Huyu mama amekuja na nani?"

Binti yake akasimama. Muuguzi akamweleza kwamba presha iko juu mno. Daktari hawezi kumpasua mtu katika hali ile, jicho linaweza kujaa damu akiwa mezani. Basi arudishwe nyumbani, apumzike, apunguze mawazo, waje tena baada ya wiki mbili. Yote hayo yalipita juu ya kichwa cha mgonjwa, kama watu wawili wanavyojadili mzigo uliowekwa kati yao. Na mgonjwa alikuwa amekaa pale pale ukingoni mwa kitanda, miguu haigusi sakafu, gauni limeachana mgongoni, akisikiliza habari za jicho lake mwenyewe.

"Na mimi nipo hapa," alisema.

"Tulia, mama," muuguzi akamjibu, na kwa kweli alisema kwa upole. "Ukikasirika ndiyo inapanda zaidi."

Akavua kofia ya plastiki mwenyewe. Ile alama ya kalamu alirudi nayo nyumbani, na haikutoka upesi, maana ilikuwa kalamu ya kuandikia makatoni.

Jina la Mama Mistari alipewa na wateja. Alikuwa msusi, na kwa miaka mingi mtu aliyepita mtaani na kichwa kilichosukwa na yeye alitambulika kwa nyuma: mistari imenyooka kutoka kwenye paji hadi kisogoni, hakuna uliopinda, hakuna ulionona kuliko mwenzake. Alisukia barazani kwake, mteja kwenye kigoda katikati ya magoti yake, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. Nyuma ya nyumba ndiko ilikokuwa karakana ya mumewe, fundi wa friji, mtu wa maneno mengi na mikono inayonuka mafuta ya mashine. Kutwa nzima friji zilizofunguliwa matumbo zililala uani, na mume na mke wakirushiana utani kupitia ukuta.

Mtoto wa jicho alianza jicho la kulia, kisha likafuata la kushoto. Mwanzoni aliona kama mtu amepaka maziwa juu ya dunia. Baadaye maziwa yakawa mazito, akaacha kusuka kwa macho akawa anasuka kwa vidole. Vidole vyake vilijua kazi, lakini mstari ulionyooka hutaka jicho. Siku moja mwalimu wa shule ya jirani, mteja wake wa miaka na miaka, alijitazama kwenye kioo cha simu akasema ahsante, mama, zimekaa vizuri. Kesho yake alipita amejifunga kitambaa. Wiki ile ile alipita tena akiwa amesukwa na mtu mwingine, na Mama Mistari alimtambua kwa sauti ya viatu, kwamba leo vimeharakisha vilipofika penye baraza lake. Hakuna aliyemwambia kitu. Watu wa mtaa walimpenda, na walikuwa na sababu ya kunyamaza: Mama Mistari ana presha, msimkasirishe.

Hiyo presha aliijua zamani kuliko mtoto wa jicho. Kila alipokwenda kliniki, kwa kikohozi au kwa goti, walimfunga mkanda, wakaandika namba, wakampa vidonge vya mwezi mmoja, wakamwambia apunguze mawazo. Hawakumwambia hayo mawazo akayatue wapi. Vidonge alivimeza kichwa kilipomuuma. Kisipouma aliviweka kabatini, akijua amevitunza vizuri kwa siku ya haja. Hivyo ndivyo alivyoelewa dawa: unaumwa, unameza, unapona, unaacha. Katika watu wote waliowahi kumfunga ule mkanda, hakuna aliyekaa naye akamwambia vinginevyo.

Nyumbani presha ile iligeuka kama mkwe mkorofi anayeogopwa na kila mtu. Mama Mistari akiingia chumbani, mazungumzo yanakatika. Akiuliza, anajibiwa hakuna kitu, mama, pumzika. Kijana wao wa pili alipoacha chuo huko mbali aliko, yeye alikuja kujua kwa muuza mkaa. Dada yake mkubwa, waliyelala naye kitanda kimoja tangu utotoni mpaka mmoja wao alipoolewa, alizikwa Jumamosi, na yeye akaambiwa Jumanne. Mumewe alimkalisha kitini, akampa maji ya kunywa, akamshika mikono yote miwili, ndipo akamwambia. Alilia siku nyingi. Kila alipolia palikuwa na mtu pembeni wa kumwambia basi, presha.

Tangu akiwa mke kijana alikuwa mtu wa hasira za karibu, hasira za kupayuka na kusahau. Sasa alikatazwa hata hizo. Mteja akimdhulumu, anyamaze. Fundi wa bomba akiharibu, anyamaze. Akajifunza kumeza maneno, na hayo aliyameza kila siku bila kukosa.

*

Mara ya pili walimkubalia. Kwa wiki zile mbili alimeza vidonge asubuhi na jioni, kwa sababu aliitaka operesheni, na alfajiri ya siku yenyewe presha ilipogoma kidogo walimpa kidonge kingine wakamweka kwenye benchi mpaka namba ikashuka. Mezani hakuhisi maumivu. Aliona mwanga mweupe unaotembea kama maji, akasikia vyuma vikigongana kwenye sahani, na juu yake daktari na msaidizi wake wakiongea habari za tairi za gari la mmoja wao, kama anunue mpya au azitie viraka zile kuukuu. Alitamani kuwauliza wanaonaje huko ndani. Akakumbuka ameambiwa asiongee.

Kesho yake waliwapanga ukutani, wote waliopasuliwa, kila mmoja na bandeji yake, ili wafunguliwe. Wa kwanza alikuwa mzee fundi viatu. Walipomwondolea bandeji alimkazia muuguzi jicho, kisha akamwambia kwamba ana mwanya. Benchi zima likacheka. Mzee akageuka huku na huku akitaja vitu kama mtoto anayejifunza kusema: feni, ndoo, mlango, kandambili yako imekatika, mama. Akaisoma kwa sauti karatasi iliyobandikwa ukutani, herufi kwa herufi, kwamba ni marufuku kutema mate. Halafu akalia, na wengine kwenye benchi nao wakafuta jicho lililobaki wazi.

Mama Mistari alifuata. Bandeji ikatoka, kikinga cha plastiki kikatoka, na mwanga ukaingia mweupe, mweupe kuliko alivyoukumbuka. Aliona ukingo wa dirisha. Aliona pazia na ndoana zake. Aliona rangi ya kijani ya ukuta, akataka kucheka. Kisha akamgeukia daktari amshukuru, na pale palipopaswa kuwa na uso wake palikuwa na doa la kijivu, kama mtu mwenye kidole cha mafuta amegusa kioo katikati. Akayaona masikio ya daktari na kola ya koti lake, lakini uso haukuwepo. Akapepesa. Doa likabaki. Popote alipotazama, lilifika kabla yake.

Daktari alimmulika, akamwambia atazame juu, atazame chini. Akasema lenzi imekaa vizuri sana. Operesheni imefanikiwa, kilichobaki ni matone na usafi. Alikuwa kijana, macho yake mekundu kwa usingizi, na benchi lilikuwa refu.

"Daktari, uso wako siuoni."

"Hiyo si ya operesheni, mama," akajibu, tayari anaandika. "Hiyo ni ya nyuma ya jicho. Presha ilishaharibu mishipa. Tulieleza mapema kwamba jicho hili halitarudi lote."

"Mlimweleza nani?"

Daktari akaacha kuandika. Akamtazama binti, na binti akatazama sakafu, na Mama Mistari, ambaye hakuuona uso wa huyu wala wa yule, aliusikia ukimya wao akauelewa wote. Akaikumbuka siku ya uchunguzi, miezi minne nyuma. Alimulikwa macho yote mawili kwa muda mrefu, kisha akaombwa kwa heshima kubwa asubiri nje, na binti akabaki ndani. Alipotoka binti alisema daktari ametoa maelekezo ya siku ya kuja, hakuna kingine. Njiani alinunuliwa machungwa.

"Tulimweleza binti yako," daktari akasema. "Kwa hali yako ya presha, tuliona ndugu ndio wangejua namna nzuri ya kukuambia."

"Jicho ni langu."

"Ni kweli, mama, lakini..."

"Jicho ni langu na presha ni yangu. Akili yangu haijapasuliwa. Mimi nilikuwa nje hapo, ukuta huu huu, nasubiri." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini benchi lilikuwa limenyamaza. "Ulimwambia nini kuhusu vidonge?"

Daktari akasema, taratibu sasa, kwamba alisisitiza vimezwe kila siku. Kila siku bila kuruka, kwa sababu mishipa ilikuwa imeanza kuvuja, na presha ikiendelea vile mmoja ungeweza kuziba. Na ndivyo ilivyotokea, kwa anavyoona sasa: mshipa umeziba kati ya siku ile na leo.

Mama Mistari akahesabu kimoyomoyo. Miezi minne. Ni kweli binti alimwambia mama meza dawa, si mara moja. Naye alijibu leo kichwa hakiniumi. Na binti, ambaye alijua, ambaye angeweza kusema neno moja tu, alisema haya, mama, akaondoka zake.

"Ningeambiwa ni kwa ajili ya macho," alisema, "ningevimeza hata kwa mchanga."

Muuguzi mwenye mwanya alikuwa amefika na mashine yake. Akamfunga mkanda mkononi, akamwomba atulie, akasubiri, akamwonyesha daktari namba. Ilikuwa imepanda.

"Umeona sasa, mama?" akasema muuguzi, na wote wakapumua, kana kwamba namba ile imemaliza ubishi, na ndiyo iliyokuwa na makosa.

*

Mumewe alikuwa ameosha baraza, amepanga viti vya kuazima, ameita majirani. Ile furaha yake ilisikika tangu kona ya barabara. Watu walimshika mkono Mama Mistari wakampa hongera, na mmoja baada ya mwingine wakamnyooshea vidole mbele ya uso, hivi ni vingapi, na hivi je. Akasema anaona kuna vidole, ila anayevinyoosha hamwoni. Wakacheka, wakadhani ni utani wake wa siku zote. Binti alipita na sinia la vinywaji. Mama Mistari alikaa pale katikati ya hongera zote, akajibu ahsanteni, ahsanteni, mpaka wa mwisho akaondoka na kiti chake.

Ndipo akamwita mumewe aje akae. Akamwambia na binti asiende kuosha glasi, abaki.

Mume aliposikia kwamba siri imetoka, jambo la kwanza alilosema lilikuwa lile lile. Akamwomba asikasirike. Akamwambia mke wangu, tafadhali, presha.

"Leo nitakasirika," alisema Mama Mistari. "Kaa hapo unitazame nikikasirika."

Akakasirika. Yalitoka maneno ya miaka, mengine hayahusu jicho kabisa, na mume alikaa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekutwa na mvua pasipo na mahali pa kujikinga. Yalipopungua kidogo alijaribu kujieleza. Binti hana kosa, alisema, binti alirudi analia siku ile akataka kusema, yeye baba ndiye aliyemkataza. Alimkumbusha mkewe habari za marehemu mama yake yeye, mkwe wa Mama Mistari, aliyeletewa taarifa ya msiba mlangoni, akaanguka pale pale kwenye kizingiti, hakuinuka tena. Yeye alikuwepo. Aliliona lile anguko. Tangu mkewe aambiwe ana presha, hajawahi kumpelekea habari yoyote mbaya bila kuliona tena.

Mama Mistari alimsikiliza mpaka mwisho, maana alijua anasema kweli.

"Mteja akikuletea friji," akamuuliza, "ukaipima ukakuta gesi imezidi kwenye bomba, unamwambia nani?"

Mume alijifuta mikono kwenye suruali.

"Nakuuliza, fundi. Unamwambia mwenyewe, au unamwambia jirani yake halafu unaifunga unamrudishia?"

"Mtu si friji," alisema mumewe kwa sauti ndogo.

"Hapana. Friji ungeitendea haki." Akavuta pumzi. "Mmenihurumia mpaka mmenipofusha. Sasa niambie mengine. Yote mliyonificha, yataje, leo."

Mwanzoni alitaja madogo. Paa la chumba cha nyuma linavuja tangu mwaka juzi. Yule paka hakuhamia kwa jirani, aligongwa na gari. Hapo Mama Mistari alicheka kicheko kibaya, kwa sababu alikuwa amemnunia jirani yule kwa muda mrefu kwa kumwibia paka. Kijana wa pili hakuacha chuo tu, alikuwa ameumwa, akalazwa, akapona. Kila moja lilipotajwa binti alizidi kujikunyata. Kisha mume akanyamaza, na Mama Mistari akajua bado liko moja, na akajua ni la nani.

"Dada yangu," alisema.

Mume alimtazama binti, akatazama mikono yake. Alisema marehemu hakufa ghafla kama walivyosema. Alilala kitandani karibu mwezi.

"Aliniulizia?"

"Aliuliza."

"Mkamwambiaje?"

"Tulimwambia umesafiri."

Hakupiga kelele. Hata wao waliokuwa wakiogopa asije akaanguka waliona kwamba hakuanguka, wala hakuyumba. Alinyanyuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akatoka uani akakaa juu ya friji moja iliyolazwa ubavu. Binti alimfuata, akaambiwa arudi ndani. Mume naye alikwenda, akafukuzwa kwa neno ambalo hakuwahi kuambiwa katika ndoa yao yote. Alikaa pale peke yake, jua likimpiga jicho jipya, akifikiri juu ya dada yake amelala amegeukia mlango, akijiuliza ni safari gani hiyo isiyo na mwisho.

*

Siku ya kurudi kliniki alimruhusu binti amfikishe mlangoni tu. Binti alikuwa karani kwenye ghala la saruji, na alikuwa ameomba ruhusa kazini. Akaambiwa akae kwenye benchi la nje. Mama Mistari aliingia mwenyewe, akapapasa kiti, akakikosa kwanza, kisha akakipata, akamwambia daktari kwamba leo ataambiwa yeye, lote, hata likiwa baya, na asipoelewa atauliza.

Daktari aliweka kalamu chini. Pengine alikuwa ameyafikiria yale ya siku ile, au pengine benchi lilikuwa fupi. Alimweleza kwamba jicho la kulia limeumia katikati, mahali pa kuonea nyuso na kusomea. Kuna sindano inayoweza kupunguza maji yaliyojaa huko nyuma, itasaidia kiasi, lakini kuona kwa zamani hakutarudi, asije akadanganywa. Pembeni ya jicho ni pazima. Ajizoeze kutazama kando ya kitu badala ya kukitazama chenyewe, ataona zaidi kuliko anavyodhani. La kushoto bado lina mtoto wa jicho, lakini katikati yake hapajaguswa. Hilo linaweza kuokolewa. Vidonge kila siku, saa ile ile, kichwa kiume kisiume, maisha yote, kwa sababu presha haitoi taarifa kabla ya kuharibu.

Alimaliza akadhani ameeleweka, na kweli alieleweka. Lakini aliona mgonjwa ameshika ukingo wa meza kwa nguvu.

"Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa." Sauti ilimtetemeka, na haikuwa kwa kilio. "Hilo la kichwa kiume kisiume. Umelisema kwa pumzi moja. Miaka yote hiyo nimekuja hapa, nimefungwa huo mkanda na watu siwezi hata kuwahesabu, na hakuna aliyekuwa na pumzi moja ya kunipa."

Daktari akafungua mdomo kueleza wingi wa wagonjwa na uchache wa watu, mambo ambayo yalikuwa kweli. Akauona uso wake, akafunga mdomo. Akasema pole. Mama Mistari akamjibu kwamba pole ameipokea, sasa amwandikie vidonge.

Nje kwenye benchi alikaa kusubiri dirisha la dawa lifunguliwe. Pembeni yake alikuwepo mama mmoja mnene, muuza mitumba, anayesubiri siku ya kupasuliwa. Wakaongea. Yule mama akasema naye ana presha, lakini si mbaya, vidonge anavyo, humeza akisikia kisogo kizito. Mama Mistari akamgeukia mzima mzima. Akamweleza, na kwa kuwa hasira ilikuwa bado juu alimweleza kwa sauti, na watu wa benchi wakasogea. Akamwambia na aliyekaa upande wa pili, na kijana aliyemleta baba yake, akamwambia huyo baba yako aambiwe yeye mwenyewe, usiambiwe wewe. Muuguzi akachungulia mlangoni akamwomba anyamaze, mama, unawatisha wagonjwa.

"Acha watishike," alisema Mama Mistari. "Mimi sikutishwa, na unaniona."

*

Hakuwasamehe upesi, na mwenye kuisimulia habari hii hatadai kwamba alisamehe. Na mumewe waliongea mambo ya nyumba tu, maji yameisha, mlango umegongwa. Utani wa kupitia ukutani ulikatika. Mume alimletea kidonge kila asubuhi kwenye kisosi, na yeye alikiacha kisosi palepale akachukua kidonge kingine kabatini kwa mkono wake mwenyewe. Kusuka aliendelea, kwa watoto wa shule na kwa wale wasiojali sana mistari. Alijifunza kuinamisha kichwa upande kama kuku, akitazama kando ya nywele ili azione nywele. Wateja wengine waliona vibaya kutazamwa hivyo. Wengine walirudi.

Jumamosi moja mchana binti alikuja akaomba asukwe. Alikuwa hajakaa kwenye kile kigoda tangu siku ya bandeji. Mama yake hakumwambia karibu wala hapana, alisogeza magoti, na binti akakaa, nywele zina vumbi la saruji mpaka kwenye ngozi. Vidole vikaanza kazi. Walikwenda hivyo kimya, mstari baada ya mstari, mpaka mama akahisi chini ya vidole vyake shingo ya mwanawe imekakamaa.

"Mama, kuna kitu."

"Sema."

"Juzi kazini walikuja watu wa kupima. Wakanipima presha." "Mama, mimi..."

Akaishia hapo. Mama Mistari hakugeuza shingo. Katikati ya jicho lake la kulia palikuwa na lile doa, na ndani ya doa hilo kilikuwemo kisogo cha binti yake. Lakini kando, pale palipobaki pazima, aliuona mlango wa baraza. Aliona mtu amesimama mlangoni na bisibisi mkononi. Aliona mkono wake wa pili umenyanyuliwa kifuani, ukimpungia binti taratibu, chini, chini, usimwambie.

"Ushushe huo mkono, baba," alisema. "Nauona."

Mkono ukashuka. Friji moja uani iliyokuwa ikijaribiwa ikawaka, ikatetemeka, ikazima. Kisha mume akavuta kiti, akakaa karibu nao, bisibisi juu ya paja.

Mama Mistari alishika fungu jingine la nywele. Hasira ilimpanda, aliisikia ikimpanda kifuani na masikioni, mwanawe bado mbichi hivi, na aliiacha ipande.

"Haya," alisema. "Imesoma ngapi, nani alikupima, amekupa dawa gani. Anza mwanzo, na usiniruke hata neno."

Binti akaanza.